Siku Tano za Jua Napoli

Mama yangu alifariki siku ya Jumatano, mjini Louisville, nyumbani kwa kaka yangu, akiwa amekaa kwenye kochi anamenya viazi. Mimi niliambiwa Jumatatu iliyofuata. Katikati hapo nilikuwa Napoli, Italia, na rafiki zangu wawili, nikila aiskrimu juani na kupiga picha. Rafiki zangu walijua tangu Alhamisi asubuhi. Naanza na hilo ili msomaji asiisome likizo yangu kwa kicheko kama nilichokuwa nacho mimi.

Majina yao sitayataja. Mmoja anaishi Louisville, mmoja Columbus, na mimi Buffalo, kwa hiyo nitawaita kwa miji yao, kama tunavyoitana wenyewe tukitaniana. Tulikua pamoja kambini Burundi baada ya familia zetu kukimbia milima ya Kivu Kusini. Tuliimba kwaya moja, sauti ya pili wote watatu, na tuligombana kila siku na kupatana kabla ya chakula cha jioni. Marekani ilipotupokea ilimtupa kila mtu upande wake. Wa Louisville anapanga maboksi ghalani, wa Columbus anashona viti vya magari kiwandani karibu na Hilliard, nami naogesha na kulisha wazee katika nyumba moja ya wazee pale Kenmore. Wao huniita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa nimewazidi mwaka mmoja tu. Huo mwaka mmoja nimeutumia vizuri kuwatawala.

Wazo la Napoli lilitoka kazini kwangu. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye wazazi wake walitoka huko, yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Kila asubuhi nikimvalisha soksi alinisimulia mji ambao hajauona: vichochoro, nguo zilizoanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, mlima wa moto ng'ambo ya ghuba. Alipofariki niliwaambia wenzangu kwenye simu kwamba tukishapata paspoti za buluu za Marekani twende tukamwangalizie. Nilisema kwa mzaha. Wao wakalishika neno hilo, na kila mmoja alipoapa uraia wake alinipigia kuniuliza, enhe, Napoli lini?

Kanisani watu walinong'ona. Mtu akipata paspoti huenda kuwaona waliobaki Uvira na Bujumbura, haendi kuangalia Wazungu wakianika nguo. Nilimjibu mama mmoja kwamba Wazungu nao wametuangalia sisi miaka mingi na hakuna aliyewauliza sababu. Mume wangu anasema nikikasirika hata jiko linajizima lenyewe. Ni kweli, na si jambo la kujivunia, lakini ndivyo nilivyo.

Aliyenipa wasiwasi ni mama. Alikuwa na presha, na miguu ilianza kuvimba tangu Krismasi. Nilimpigia nikamwambia naweza kuahirisha. Akanicheka.

“Wende tu,” alisema. “Miye siko mugonjwa, niko muzee. Uzee haiko ugonjwa. Na urudi na kitu ya kunionesha.”

Kabla sijafika Napoli lazima nieleze desturi moja. Kwetu habari ya msiba mtu hapewi kwa simu. Hapewi akiwa kazini, akiwa safarini, wala akiwa peke yake. Wanaojua hunyamaza, hukusanyika, kisha huenda nyumbani kwake wakiwa wengi, pamoja na mchungaji na wamama wawili watatu wenye nguvu za kumshika. Kanisani kwetu Buffalo kazi hiyo ni yangu. Mimi ndiye kiongozi wa wamama wa faraja, mwaka wa nane sasa, na utaratibu niliupanga kwa kichwa changu. Magari yaegeshwe mtaa wa pili ili mwenye msiba asiyaone. Watoto wapelekwe kwa jirani. Na kubwa kuliko yote, mtu asiambiwe kabla hajala, kwa sababu baada ya pale atakaa siku mbili bila kutia kitu mdomoni. Tunahakikisha amekula, vyombo vimeondolewa, ndipo mchungaji anakohoa na kufungua Biblia.

Utaratibu huu niliulinda kwa ukali. Mwanamume mmoja wa kwetu aliwahi kusoma habari ya kifo cha baba yake kwenye simu, akiwa amesimama mbele ya mashine kiwandani, akaanguka na kuvunjika mkono. Nilimtafuta binamu yake aliyeiandika, nikamfokea mbele ya kanisa zima mpaka akalia. Kisa hicho niliwasimulia wenzangu ndani ya ndege, tukivuka bahari kwenda Italia, na nikapigilia msumari: mtu akiwa ugenini asiambiwe, hata iweje, asubiri afike kwake kati ya watu wake.

“Hata ingekuwa weye, yaya?” aliuliza wa Columbus.

“Hata ingekuwa mimi,” nilisema. Nakumbuka nilikuwa natafuna karanga.

Tulifika Jumatatu, wiki ya Pasaka. Jua lilikuwa limeshika kila kitu. Tulikuwa tumetoka Buffalo na Columbus ambako bado watu wanavaa makoti, na pale wanawake walitembea mikono wazi. Watu walijaa kama siku ya mgao wa chakula kambini, ila hawa walikuja kwa hiari yao na wamevaa miwani ya jua. Pikipiki zilipita katikati ya watu kwenye vichochoro vyembamba kama korido, na kweli nguo zilikuwa zimeanikwa juu ya vichwa vyetu, mashuka, suruali, hata sidiria, bila aibu yoyote. Niliinua uso nikamwambia yule bibi wa soksi, kimoyomoyo, kwamba nimeona.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa za kwetu kweli. Tulikula piza ya kukaangwa tukisimama barabarani. Tulipotea mara nne. Wa Louisville alikuwa na hofu na ule mlima wa moto, kila asubuhi anafungua dirisha kuutazama kama umeanza kutoa moshi.

“Ni kama Goma tu,” nilimwambia. “Mlima uko pale, watu wanakunywa chai.”

“Goma batu banakunywa chai juu ya kukosa pa kwenda,” alijibu. “Hawa banabakia na iko na ndege!”

Tulicheka hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja chenye vitanda vitatu, na kile cha dirishani tulikipigania, akakishinda wa Columbus. Nilinuna usiku mzima. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano mama alikufa. Louisville ilikuwa mchana, kwetu Napoli giza limeshaingia, na mimi nilikuwa nimelala. Kaka hakunipigia. Alimpigia mchungaji wa kule, na wazee wakakubaliana kwamba mwili utatunzwa vizuri, unaweza kungoja, na binti asiambiwe akiwa nchi ya watu. Kisha wakampigia rafiki yangu wa Louisville. Walikuwa wanafuata kanuni zile zile ninazozifuata mimi, na pengine walizipata kwangu, maana nimewahi kwenda huko kuwafundisha wamama wao.

Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta vitanda vyao vitupu na mlango wa bafu umefungwa. Bomba lilikuwa wazi, maji yanamwagika bila kikomo. Nikapiga kelele kwamba hapa si kwa baba yao, wafunge maji. Walitoka pamoja, nyuso zimeoshwa, macho mekundu. Wakasema sabuni ya Italia ni kali. Mimi, mwanamke niliyekaa miaka minane nikiwafundisha watu jinsi ya kuficha msiba, niliamini habari ya sabuni.

Tangu hapo wakawa wema. Ningepaswa kujua kwa hilo tu, maana hatukuzoeana hivyo. Wa Columbus, ambaye hajawahi kuniacha nimalize sentensi, sasa alinisikiliza hadi mwisho na kuitikia. Alinihamishia kitanda cha dirishani bila kuombwa. Nikisema tupande kwenye ngome, wanapanda, nikisema tushuke, wanashuka. Na chakula! Kila baada ya saa mbili wa Louisville alinivuta mkono.

“Yaya, kula kwanza. Ongeza kidogo. Hii samaki utaikuta wapi Buffalo?”

“Mnaninenepesha kama mbuzi wa Noeli?” niliwauliza, mdomo umejaa. Hawakucheka. Nikawaambia wameanza kuzeeka vibaya.

Jioni ya siku hiyo nilitaka kumpigia mama kama kawaida. Mama hakuwa na simu yake, alitumia ya kaka. Kaka akapokea, sauti yake iko chini.

“Mama amelala,” alisema. “Ile dawa mupya inamulalisha sana.”

“Basi usimwamshe,” nilisema. Nikamwagiza amwekee mto chini ya miguu. Akasema amefanya. Nyuma yake nilisikia watu wengi wakizungumza, nikamuuliza kuna nini, akasema ni maombi ya Pasaka. Nilifurahi kwamba mama ana watu.

Ijumaa Kuu tuliingia duka la vitambaa. Nilitaka kumletea mama kitambaa cha kichwa, kile “kitu ya kunionesha”. Nilichagua cha njano, njano ya kiini cha yai, chenye maua madogo ukingoni. Wa Louisville akakitoa mkononi mwangu taratibu, akaniwekea cheupe.

“Chukua hii, yaya. Nyeupe njo muzuri kwa mama.”

Nilimshangaa. Mama hakuvaa nyeupe. Alisema nyeupe ni ya maharusi na ya wavivu wasiopika. Nilimwambia mwenzangu hivyo, akashikilia hicho cheupe kwa mikono miwili, akasema tena nyeupe, tafadhali. Nikapandwa na hasira pale pale dukani. Nilimwambia ana mama yake, amnunulie yeye nyeupe. Mama yake alikufa kambini tukiwa wasichana, na mimi ndiye niliyemshika siku hiyo. Neno lilishatoka. Yeye aliinamisha kichwa tu, akarudisha cheupe kwenye rafu, nami nikanunua cha njano kwa ukaidi. Kuomba radhi sikuomba. Nilidhani muda upo.

Sasa Jumamosi, ambayo ndiyo siku inayoniuma zaidi. Tulikwenda kukaa kando ya bahari, juu ya mawe makubwa meupe ambako nusu ya mji ilikuwa imejianika. Kulikuwa na familia zenye vikapu, wasichana wanaojipaka mafuta, mzee mmoja aliyevua viatu akapanga soksi zake juu ya jiwe kwa nidhamu kubwa. Nilimpigia mama tena, na kaka tena akasema amelala. Nikaudhika. Nikasema dawa gani hii, nitampigia daktari mwenyewe Jumanne.

Wa Columbus alikuwa amekaa pembeni yangu, magoti yamekunjwa. Akanyoosha mkono.

“Bon. Leta simu,” alisema. “Umutumie sauti. Ongea tu, yaya, mi nitashika.”

Akaishika simu mbele ya mdomo wangu, kidole kwenye alama ya kurekodi. Na mimi nikaongea. Nilimwambia mama kwamba nimekaa juu ya jiwe kama mjusi. Nilimwambia jua la huku ni zuri, linaingia mpaka kwenye mifupa, lingemfaa kwa miguu yake. Nilimsimulia samaki aliyeletwa na macho yake yote mawili, jinsi nilivyomfunika uso kwa jani la saladi ndipo nikaweza kumla. Nilicheka katikati, kicheko changu kile kibaya cha kukoroma. Nilimwambia nimemnunulia kitambaa cha kichwa lakini rangi sisemi, ataona mwenyewe, na wamama wa kanisani kwake watakonda kwa wivu. Mwishoni nikasema, “Ulale vizuri, mama. Nikifika nakupigia.” Wa Columbus akaachia kidole, ujumbe ukaenda. Alikohoa kidogo akageukia upande wa bahari, nikamwambia amepata mafua kwa kukaa na nywele mbichi.

Siku ya Pasaka tuliingia kanisa moja kubwa, ingawa sisi si Wakatoliki. Kengele zilipigwa, watu wamebanana mpaka mlangoni, watoto wamebebwa mabegani. Wenzangu wawili walilia kuanzia mwanzo wa ibada hadi mwisho, wamenishika mikono huku na huku. Mimi sikulia. Nilijiona ndiye mwenye imani ndogo kati yetu, na jambo hilo lilinisumbua siku nzima.

Jumatatu tulirudi. Uwanja wa ndege wa New York kila mtu alishika ndege yake. Wa Louisville alinikumbatia muda mrefu mno, begi lake limeanguka na haliokoti. Nikamwambia tunaachana kana kwamba tunakwenda vitani, aniache, nitachelewa. Akaniachia.

Buffalo mume wangu alinipokea uwanja wa ndege. Hakuongea sana, lakini si msemaji siku zote. Niliona anapita njia ya mzunguko, haingii mtaa wa pili nyuma ya nyumba yetu. Nilimuuliza kwa nini, akasema wanachimba barabara. Hata hapo sikuamka. Nyumba ilikuwa kimya. Nikaita watoto, akasema wako kwa jirani.

Kisha nikaona meza. Kulikuwa na wali, maharage, sombe, yaani kisamvu chetu, na kuku mzima wa kuchemsha, sahani moja, kikombe kimoja. Mume wangu, tangu tuoane, hajawahi kupika hata yai. Harufu ya ile sombe niliijua, ni ya mama msaidizi wangu kwenye kamati, anazidisha mawese kila mara na kila mara namwambia.

Nilisimama nimeshika kiti. Mume wangu akasema, “Kaa, kula kwanza.” Macho yake yalikuwa kwenye sakafu.

Nikajua. Nilijua kila kitu kwa mpigo mmoja, sabuni ya Italia, kitanda cha dirishani, kitambaa cheupe cha kuzikia. Nilijua magari yako mtaa wa pili na watu wamekaa ndani yake wakingoja ishara. Nilijua ni nani, maana hakuna mwingine ambaye kifo chake wangenificha siku zote hizo. Na nilijua pia, kuliko mtu yeyote Buffalo, kwamba hawataingia mpaka nimalize kula.

Kwa hiyo nikakaa nikala. Nilikula wali punje kwa punje. Nilichambua kuku hadi kwenye mfupa. Mume wangu alikaa mbele yangu, na kila nilipoinua mkono alishusha pumzi. Nilipomaliza sahani niliisukuma kwake nikamwambia, “Niongeze.” Akaniongeza. Wali ukamwagika mezani, nikauokota mmoja mmoja nikaula nao. Sahani ya tatu nilishindwa. Niliweka kijiko chini. Mlango ukagongwa, na mchungaji akaingia na wamama wangu wa faraja nyuma yake, wamepangana kama nilivyowafundisha, wenye nguvu mbele.

Jumanne asubuhi tulianza safari ya gari, mume wangu akiendesha, watoto nyuma. Tulipita Columbus kumchukua rafiki yangu. Alikuwa amesimama nje ya nyumba yake Hilliard na begi dogo, bila koti, sijui tangu saa ngapi. Akaingia nyuma na watoto. Sikugeuka. Saa tatu na nusu zote kutoka pale hadi Louisville sikumwambia neno. Binti yangu alimuuliza kwa Kiingereza kama Italia ilikuwa nzuri, naye akajibu kwa Kiswahili kwamba ilikuwa nzuri. Nilitamani kufungua mlango gari likiwa linakimbia nimteremshe.

Kwa kaka viatu vilijaa kuanzia barazani hadi kwenye nyasi. Wamama walikuwa wamekaa chini sebuleni, magodoro yametandikwa ukuta hadi ukuta, na kochi la mama limesogezwa pembeni, hakuna aliyekalia. Nilipoingia walipiga yowe, wakanipokea, wakanilaza katikati yao. Nililia mpaka sauti ikaniisha. Wa Louisville alitoka jikoni, mikono ina maji, akapiga magoti mbele yangu. Niligeuzia uso ukutani.

Baadaye nilipotulia bibi mmoja, rafiki wa mama wa siku nyingi, alinikaribia kwa kutambaa, maana magoti yake hayamfai. Akanishika kidevu.

“Njo weye ulikula samaki iko na macho?” aliuliza.

Sikuelewa.

“Tulikusikiaka,” alisema. “Ile siku ya Jumamosi. Kaka yako alifungua simu, akafikiri ni kitu ya maana, sauti yako ikatoka apa mbele ya batu yote. Ulisema jua ya kule iko muzuri. Ulisema uko na kitambala ya mama, na rangi hautasema. Sisi bamama tunabakia tunaulizana, siku tatu sasa.” Akanisogelea zaidi. “Donc, ni rangi gani?”

Nyumba nzima ilinigeukia kungoja jibu. Wengine walikuwa wanalia na wengine, naapa, walikuwa wanataka kweli kujua. Mimi nilisikia kichwani kicheko changu cha kukoroma kikijaa chumba kile, juu ya magodoro yale, mama akiwa kwenye jokofu la watu mtaa mwingine. Nilisimama. Nikatoka nje.

Wa Columbus alikuwa ameegemea gari letu. Hakuthubutu kuingia. Nilimwendea nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na nilimwambia yote. Nilimwambia kuficha naelewa, kanuni ni yangu, hata sabuni naelewa. Lakini kunishikia simu! Alikuwa anajua mama ni maiti ya siku tatu, akanishikia simu nikamchekea maiti mbele ya kanisa zima. Ni nani aliyemtuma? Ni kanuni gani hiyo? Hiyo sikumfundisha mimi.

Aliniacha nimalize, kama alivyofanya Napoli.

“Hakuna mutu alinituma,” alisema. “Nilijua mama haiko tena. Lakini nikakuangalia pale kwa jiwe, nikasema, kesho kutwa yaya ataanza kulia, na hatamaliza. Nilitaka umuongeleshe mara moja tena, ukiwa ungali mutoto ya mutu.”

Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara, naye akakaa. Baadaye yule wa Louisville akatoka, akakaa upande wa pili, na nikamwambia nisamehe kwa neno la dukani. Akasema alilisahau. Haikuwa kweli. Kisha nikamwomba mmoja wao afungue buti, anitolee begi langu.

Tulimzika mama Jumamosi. Wamama wote walivaa nyeupe, na yeye peke yake kitambaa cha njano, njano ya kiini cha yai, wa Louisville ndiye aliyemfunga. Yule bibi wa magoti alichungulia ndani ya jeneza, akawageukia wenzake nyuma akawatangazia, “Ni njano!” kwa sauti ya mtu aliyeshinda ubishi.

Ujumbe ule bado ninao kwenye simu. Huwa nausikiliza nikiwa peke yangu kwenye gari, nje ya kazi pale Kenmore, kabla sijaingia kuvalisha watu soksi. Sijui huyo mwanamke anayeongea amefurahia nini namna hiyo. Anasema ulale vizuri, mama, nikifika nakupigia, na nyuma yake, karibu sana na simu, kuna mtu anayejizuia asilie, anashindwa, anakohoa.